Presha ya Ukoo Si Hukumu

Kivukoni, kama kwingine katika bonde la Kilombero, mtu akipimwa akaambiwa presha iko juu, mara nyingi hujibu kwamba hiyo ni ya ukoo: baba alikuwa nayo, bibi alifariki nayo. Hasemi upuuzi. Tafiti za familia na mapacha zinakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za presha baina ya watu hutokana na urithi. Lakini nyuma ya jibu hilo hujificha imani nyingine, kwamba kilichorithiwa kimekwisha kuamuliwa na aliyezaliwa nacho hana la kufanya ila kungoja. Imani hiyo haisimami, si kwa ushahidi wa sayansi wala kwa mantiki ya dini.

Tuchukue jeni ya AGT. Kwa maelekezo yake ini hutengeneza protini iitwayo angiotensinojeni, ambayo ni chanzo cha kemikali zinazobana mishipa na kuufanya mwili ushikilie chumvi. Mwaka 1992 watafiti wa Utah na Paris walionyesha kuwa aina moja ya jeni hiyo, T235, huambatana na presha ya kupanda. Ilionekana mkosaji amepatikana. Kumbe kwa Waafrika weusi aina hiyo ndiyo ya kawaida, na wasio nayo kabisa ni wachache. Kitu walicho nacho jirani mgonjwa na jirani mzima hakiwezi peke yake kueleza kwa nini mmoja anaugua. Tena mwaka 2018 uchunguzi wa watu zaidi ya milioni moja wenye asili ya Ulaya ulifikisha sehemu za vinasaba zinazogusa presha kuwa 901, na mchango wa kila moja kwa kawaida ni mdogo mno.

Mtu atauliza: zikijumlishwa zote, je, haziwi hukumu? Jibu liko Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi kwenda Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki. Haikupita miezi mingi presha za waliohama zikawa juu zaidi, na mkojo wao ukaonyesha chumvi nyingi zaidi. Jeni walihama nazo zilezile; kilichogeuka ni maisha. Kwa hiyo asilimia za urithi hazipimi sehemu ya ugonjwa iliyofungiwa ndani ya mtu. Zinaeleza tofauti za watu katika mazingira fulani, na mazingira yakibadilika, hesabu nayo hubadilika.

Muumini anaweza kusema kwamba yote yameandikwa na Mungu. Sikatai kudra, ila hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho inakataza hata chandarua. Bonde hili limepambana na malaria kwa vizazi, na waumini wa misikitini na makanisani hulala ndani ya chandarua bila kuona kuwa wamempinga Muumba. Kwa nini kupunguza chumvi au kumeza kidonge kuwe kumpinga? Majaliwa ni yale tuliyopewa bila kuulizwa. Tukishajua, dhamana inaanza, na maarifa nayo ni katika tuliyojaliwa.

Hata hivyo, dhamana hiyo isigeuzwe fimbo ya kumchapia mgonjwa. Presha mara nyingi haina dalili, dawa zake hunywewa kila siku, na si kila nyumba inamudu gharama hiyo mwezi baada ya mwezi. Ikiwa mazingira ndiyo yanayoipa jeni nguvu, basi wanaoyaunda mazingira wanawajibika pia: anayepika, anayeuza chakula, anayepanga bajeti ya zahanati. Mgonjwa asibebeshwe mzigo huo peke yake. Kwako msomaji ambaye mzazi wako ana presha, urithi huo ni sababu ya kupima mapema kuliko wengine. Nenda kapime kabla hujaumwa, na kipimo kikifika 140 kwa 90 au kuzidi, rudi upimwe tena, kisha ufuate ushauri wa daktari.