Upepo Usio na Mwenyewe

Watu wa mlimani Kilimanjaro wanapobishana juu ya maji, Mkristo na Mwislamu huafikiana katika neno moja: kwamba maji yametoka kwa Mungu, na kwa hiyo si halali mtu kuyatia bei. Hoja hiyo ilisikika sana katika miaka ya 1990, pale wenye mifongo, yaani mifereji ya Wachagga ya kumwagilia, walipotakiwa na Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani waandikishe haki zao za maji na kuzilipia ada. Na jibu la watu wa serikali, ambalo nalo limekuwa maarufu, lilikuwa kwamba Mungu ameleta maji lakini hakuleta mabomba. Jibu hilo mimi naliona pungufu, kwa kuwa mfongo hauna bomba, na wazee waliouchimba kwa mikono yao katika mbavu za mlima hawakupata ujira wala ruzuku ya mtu. Hata hivyo si maji ninayoyakusudia leo, bali upepo, ambao unaanza kuingizwa katika hesabu za mali bila ya sisi kuulizana kwanza ni mali ya nani.

Kwetu mitambo ya upepo bado haijafika. Katika Tanzania, mitambo iliyotangulia ni ile ya Mwenga, wilayani Mufindi, yenye uwezo wa megawati 2.4 tu, iliyoanza kufua umeme mwaka 2020. Lakini vipimo vilikwisha kufanywa zamani katika vituo kadhaa vya nchi, na kimoja chao kilikuwa Mgagao, wilayani Mwanga, chini ya milima ya Upare. Na ingawa Kititimo ya Singida na Makambako ndiko upepo ulikoonekana kuwa na nguvu zaidi, mtu apitaye njia ya kwenda Same wakati wa kiangazi, akaona vumbi linavyonyanyuka na kukimbia tambarare, hahitaji chombo cha kupimia ili kujua kwa nini wataalamu walisimama pale.

Wako watu wa dini, na si wachache, wanaodhani kwamba kuufunga upepo katika mapanga ya chuma ni kuingilia kazi ya Muumba. Dhana hii haina uzito. Aliyefunga tanga la jahazi katika kusi akaenda Maskati, kisha akarudi kwa kaskazi, hakumpokonya Mungu kitu, na mzee wa Kibosho aliyeugeuza mto ukapita kihambani kwake, yaani katika shamba lake la migomba, hakuhesabiwa kuwa mkufuru. Shubha iliyo nzito ni ile ya upande wa pili, ambayo kwa kawaida haitamkwi: kwamba kwa kuwa upepo hauna mwenyewe, anayeuvuna hamdhulumu mtu, na kwa hiyo halazimiki kumwomba mtu ruhusa, ila mwenye kile kipande kidogo cha ardhi kinachobeba mguu wa mnara.

Katika mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.) iko hadithi mashuhuri inayowafanya watu kuwa washirika katika vitu vitatu, yaani maji, malisho na moto. Upepo haukutajwa, lakini moto umetajwa, na moto ndio nishati ya watu wa zama zile. Nami sioni kwa nini mwanachuoni wa leo asiukalishe umeme karibu nao. Mafakihi walipoieleza hadithi hiyo walipambanua kwa makini: maji yaliyokwisha kutiwa chomboni huwa milki ya aliyeyateka, na kaa la moto ni la mwenye kuni, lakini mwanga wa moto na joto lake jirani hanyimwi. Walikubali, basi, kwamba kazi ya mkono huzaa milki. Walichokataa ni kwamba milki hiyo inaweza kuufuta ushirika uliokuwapo kabla ya kazi. Papa Fransisko naye, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, aliihesabu hali ya hewa kuwa mali ya wote, akaja karibu na mlango ule ule kwa njia nyingine.

Wachagga hawakuhitaji kitabu ili kufika hapo. Mfongo una ukoo uliouanzisha, na ukoo huo una heshima yake: zamani ndio uliochinja mnyama kwenye kichwa cha mfongo, pale mawe, udongo na vigogo vya migomba vinapoziba mkono wa mto ili maji yashike njia ya mfongo badala ya kuteremka korongoni. Lakini maji yakisha kuingia, hupita kihamba kwa kihamba kwa zamu. Mwenye zamu hubandua donge la tope kwa jembe, huyaacha maji yaingie migombani mpaka saa zake ziishe, kisha hulirudisha donge mahali pake, kwa maana jirani yuko njiani na jembe lake. Asiyetokea siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, hutozwa faini, na zamani ilikuwa mbege, pombe ya ndizi. Wala hakuna ukoo, hata ule wa waanzilishi, unaoweza kuuhamisha mfongo usiku ukawaambia wa chini kwamba maji ni ya Mungu na Mungu hakuwazuia kuyachukua. Neno hilo hilo, katika kinywa cha wa chini, ni dai la fungu lake. Katika kinywa cha wa juu ni udhuru wa dhulma.

Nasi wa mlimani tusijitakase, maana katika bonde hili sisi ndio wa juu. Wakulima wa mpunga wa Mabogini na Chekereni, waliojengewa skimu ya Moshi Chini kwa msaada wa Wajapani na kukabidhiwa mwaka 1987, waliona maji yao yakipungua baada ya watu wa juu yao kuiga mpunga ule ule na kuyageuza maji kabla hayajawafikia. Na chini yao liko bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 kuyapokea maji ya Kilimanjaro na Meru, ambalo mitambo yake yenyewe ni ya megawati 8. Na maji yatokayo hapo huteremka mpaka mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani Mpya; hii ya pili ina uwezo wa megawati 68 tangu mwaka 1995. Kila tone liletalo mwanga mjini limepita kwanza katika mabishano ya vijiji.

Waliopata upepo kabla yetu wameonja mabishano hayo. Huko Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, Kenya, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 imesimama katika ardhi ya ekari 150,000 walikochungia Waturkana, Wasamburu na Warendille; umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa, na mji wa Marsabit, ulio kaunti ile ile, ukabaki kwa miaka ukiwashwa kwa dizeli. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru, mji wa Kenya, iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Huko Kinangop, katika nchi ile ile, mradi mwingine wa upepo ulivunjika mwaka 2016, baada ya maandamano ambamo mtu aliuawa. Waliowaita wakulima wa Kinangop wajinga na maadui wa maendeleo walikosa insafu. Wafugaji wa Loiyangalani walipokwenda mahakamani hawakushitaki upepo. Walishitaki hati zilizoandikwa bila wao.

Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka mpaka unaostahili kusomwa polepole. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kwa maslahi ya umma, ikiwa haizidi hekta 250, mkutano wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, na kijiji hubaki na haki ya kutoa mapendekezo. Shamba kubwa la upepo, kwa jinsi minara inavyotakiwa kuachana, ni rahisi kuuvuka mpaka huo. Siku mitambo itakapoletwa Mgagao, basi, kadiri neema itakayovunwa inavyokuwa kubwa, ndivyo neno la waliozaliwa chini yake litakavyokuwa dogo. Na hilo limeandikwa na sisi wenyewe.