Choroa wa Jaaluni

Ukishika njia ya bara kutoka Maskati kwenda Salalah, huko Omani, utapita Haima, mji wa vituo vya mafuta katikati ya uwanda ambao macho hayapati pa kutua. Mashariki yake, huko Jaaluni, ndiko makao ya hifadhi ya wanyamapori, na mgeni mwenye kibali huonyeshwa choroa weupe wakiwa ndani ya uzio. Watu hupiga picha, husema mashallah, hugeuza gari. Kwa nini mnyama wa jangwani awekewe uzio, wachache huuliza.

Kiu si sababu. Choroa wa Arabuni hukaa miezi bila kuona kisima. Mwili wake mweupe hurudisha jua, kwato zake pana hazizami mchangani. Ukungu wa Bahari ya Arabuni ukipanda usiku juu ya uwanda huo wa Jiddat al-Harasis, huacha umande kwenye majani makavu. Choroa huyala yakiwa bado na unyevu, na jua linapochomoza ameshakata kiu.

Kilichomponza ni kupendwa. Zamani Mbedui aliyempata choroa mawindoni alimtolea jasho kwelikweli, na sifa aliyopewa ilikuwa haki yake. Yakaja magari na bunduki za kisasa. Jasho likaisha, sifa ikabaki palepale. Mwaka 1962 Meja Ian Grimwood, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya, aliongoza msafara hadi upande wa Aden kunasa waliosalia ili wazalishwe mahali salama. Watatu walionusurika walipitishwa Kenya, kisha wakapelekwa Phoenix, Arizona, kwenye joto kama la kwao. Wakaongezewa wengine kutoka London, Kuwait na Saudia, wakatimia tisa. Porini, wa mwisho walimalizwa na wawindaji mwaka 1972, hukohuko Jiddat al-Harasis.

Sultani Qaboos wa Omani akataka warudishwe. Mwaka 1982 wakafunguliwa jangwani, na Waharasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia wa eneo hilo, wakaajiriwa kuwalinda. Mwaka 1994 UNESCO ikaiingiza hifadhi kwenye Urithi wa Dunia. Kufikia 1996 choroa walikuwa 450. Masimulizi mengi ya uhifadhi huishia hapo, watu wakapiga makofi.

Mwaka huohuo majangili wakaingia. Safari hii hawakutaka nyama wala pembe. Walimtaka mnyama akiwa hai, kwa kuwa nje ya nchi walikuwapo wenye fedha waliotamani kumfuga kwao. Pikapu humkimbiza choroa juani mpaka miguu ikatae. Hufungwa kamba, hupakiwa nyuma, dereva akakanyaga mafuta kuelekea mpakani. Wengine hufia njiani kwa joto na kihoro, na kwa kuwa mzoga hauna mteja, hurudiwa kukamatwa mwingine. Waliosakwa zaidi ni majike na ndama. Porini wakabaki madume watupu, au karibu na hivyo. Mwaka 2007 walihesabiwa 65 tu, na jozi za kuzaa zilikuwa nne hivi.

Serikali ikaamua kulipunguza eneo kwa asilimia 90 ili mafuta yatafutwe, na mwaka huo UNESCO ikaifuta hifadhi kwenye orodha yake. Haikuwahi kufuta mahali popote kabla ya hapo. Wengi huyalaumu mafuta, nami siwapingi sana, ila naona yalikuta nyumba imeshabomoka. Ile hifadhi ya mwanzo ilikuwa na kilomita za mraba 27,500, zaidi ya mara 15 ya kisiwa cha Unguja. Jina kubwa la Urithi wa Dunia halifukuzi pikapu, ndiyo maana uzio ukahitajika.

Mnunuzi ndiye asiyetajwa. Yeye hakumfunga choroa kamba wala hakumwona akikata roho. Aliletewa mnyama mzuri, akalipa. Kwa hiyo mtoto akiuliza pale uzioni kama hawawezi kumpata mmoja wa kufuga nyumbani, mzazi asimalize kwa kucheka. Amweleze habari za watoto wa duma wanaoporwa kwa mama zao katika Pembe ya Afrika, wakapitishwa Somaliland na kuvushwa Ghuba ya Aden kwa mashua, kwenda kuwa mapambo ya majumba ya nchi za Ghuba. Wengi hawafiki. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipitisha sheria mwaka 2016 kuwakataza watu binafsi kufuga wanyama wa aina hiyo. Baada ya sheria hiyo, Somaliland imeendelea kuwakamata wasafirishaji wakiwa na watoto wa duma mikononi.