Darasa la Gendia

Mwaka 1647 Wapuritani wa Massachusetts waliamuru kila mji wenye kaya 50 uwe na mwalimu, ili watoto wajisomee Biblia. Usabato ulichipuka maeneo hayohayo ya Marekani, na mwaka 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Malawi wakaufikisha Gendia, karibu na Kendu Bay, Kenya. Kanisa likaja na darasa. Kanisa lilileta pia desturi zake: leo Ijumaa, sufuria ya sato itaepuliwa kabla jua halijatua na Sabato kuanza. Kambare, kwa kuwa hana magamba, hata haingii jikoni.

Ukali wa Wapuritani uliojenga shule naupenda. Ule ulionyonga watu 19 kule Salem mwaka 1692, kwa shutuma za uchawi, naukataa. Marani, Kisii, Oktoba 2021, kina mama wanne walichomwa kwa shutuma hizohizo. Mchungaji unayehubiri kesho, tafadhali lizungumzie jambo hili.