JE, TUPENDE HALI TUKIJUA TUTAZIKANA?

Masomo: Mwanzo 23:1-20, Yohana 11:1-44, Waebrania 2:14-18

 

Vijana wetu wameleta swali ambalo si la kujibiwa mlangoni baada ya ibada. Wametazama filamu ya Marekani iitwayo City of Angels, iliyotoka mwaka 1998 na kutengenezwa kwa kufuata filamu ya Mjerumani Wim Wenders ya mwaka 1987. Filamu hizi za zamani bado zinazunguka katika vibanda vya video, na mwenye kufasiri, yule tunayemwita VJ, huongeza chumvi yake. Wazee wengine wangependa niseme tu kwamba filamu ni dhambi, tufunge mjadala. Lakini swali lenyewe ni zito, na liko ndani ya nyumba zetu.

Hadithi yenyewe ni hii. Malaika aitwaye Seth anafanya kazi ya kuwapokea wanaokufa katika jiji la Los Angeles. Anamwona daktari wa upasuaji wa moyo, Maggie, akilia kwa sababu mgonjwa wake amefia mikononi mwake. Malaika anampenda. Lakini hawezi kuonja chakula wala kuhisi mguso wa mkono. Basi anachagua kuacha umalaika na kuwa mtu wa kufa. Wanapata usiku mmoja tu pamoja. Asubuhi Maggie anatoka kwa baiskeli kwenda dukani. Kwa furaha anafumba macho na kunyosha mikono, na mbele yake limesimama lori la magogo. Anakufa. Malaika mwenzake wa zamani anakuja kumwuliza Seth: kama ungalijua mwisho wake, ungalifanya vile vile? Seth anajibu kwamba angalifanya.

Vijana wanauliza: alijibu vema, au alikuwa mjinga?

Ndugu zangu, hapa ugenini swali hili si la sinema. Yuko mama aliyepoteza mume njiani, naye amesema moyoni kwamba hatapenda mtu tena. Yuko kijana anayekataa kuoa kwa sababu kila alichowahi kushika kilichukuliwa. Yuko baba anayewapa watoto wake posho na maharage, lakini hawashiki mkono, kwa kuwa anaogopa kuzika tena. Moyo umefungwa kwa kufuli, na mwenyewe anaita kufuli hiyo hekima. Tuliangalie Neno.

Kwanza, filamu hii imekosea wapi?

Malaika si watu waliokosa mapenzi. Waebrania 1:14 inatufundisha kwamba ni roho watumishi, wanaotumwa kuwahudumia warithi wa wokovu. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha katika Mathayo 22:30 kwamba malaika hawaoi wala hawaolewi. Tena, katika filamu Seth anajirusha kutoka juu ya jengo ili awe mtu. Kijana, usidanganyike: hakuna upendo unaopatikana kwa kujirusha. Ikiwa umelemewa hata unawaza kujidhuru, usikae peke yako na wazo hilo. Njoo leo kwa mchungaji, kwa mzee wa kanisa, kwa mama yeyote unayemwamini, au kwa mganga wa zahanati. Hakuna atakayekucheka.

Pili, filamu hii imekaribia kweli wapi?

Imeota jambo ambalo Mungu alilifanya kweli. Waebrania 2:14-16 inasema Mwana wa Mungu alishiriki damu na nyama kama sisi, wala hakuja kuwashika mkono malaika, bali uzao wa Ibrahimu. Alionja njaa, alichoka kisimani, na alipokuwa mtoto alikimbizwa usiku hadi Misri. Alipofika Bethania, kaburi la rafiki yake Lazaro lilikuwa na siku nne. Alijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita atoke. Hata hivyo alilia. Mkristo anayelia matangani hajapungukiwa imani. Amemfuata Bwana wake.

Lakini tuone tofauti. Malaika wa filamu alishuka, akapenda, akabaki na maiti mikononi. Hakuwa na la kufanya. Yesu alishuka, akapenda, akaingia mwenyewe kaburini, akatoka siku ya tatu. Kwa hiyo Paulo anawaambia Wathesalonike wahuzunike, lakini wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Kifo ni adui wa mwisho, na adui wa mwisho naye ana siku yake.

Tatu, tumwangalie mkimbizi aliyefiwa na mkewe.

Sara alikufa akiwa na miaka 127, huko Hebroni, katika nchi isiyo yao. Ibrahimu alikuwa na ahadi ya nchi yote, lakini siku ile hakuwa na hata futi sita za kumzika mkewe. Biblia inasema alilia kwanza. Kisha akasimama mbele ya Wahethi, akakiri kwamba yeye ni mgeni na mpitaji, akaomba mahali pa kuzika. Akamlipa Efroni shekeli 400 za fedha kwa ajili ya shamba la Makpela. Upendo wake ulikuwa na machozi, na ulikuwa na kazi ya kufanya.

Na Wahethi walimheshimu mgeni yule. Hata kwetu, Wajopadhola humwita Mungu Were, na Wasamia wa pande zote mbili za mpaka wa Busia humwita kwa jina hilo hilo. Mpaka uliogawa watu haukuweza kuligawa jina lake. Jirani mwenyeji anapokuja kukaa nasi matangani, tujue ni Mungu yule yule anayetembelea.

Lakini wengine hawakupata kaburi. Wako walioacha wapendwa wao Bonde la Ufa mwanzoni mwa mwaka 2008, wakavuka Busia na Malaba hadi kituo cha muda cha Mulanda, na wengi baadaye wakapelekwa Kiryandongo. Wako waliotoka Ituri na Kivu, hawakuweka hata jiwe. Mkumbukeni Yakobo. Raheli alimfia njiani, karibu na Betlehemu. Alimzika kando ya barabara, akasimamisha nguzo, akaendelea na safari kwa sababu kulikuwa na watoto. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee huko Misri alikokimbilia njaa, bado alimsimulia Yusufu habari za kaburi lile (Mwanzo 48:7). Aliendelea na safari, lakini hakusahau. Wewe pia waweza kufanya yote mawili.

Nne, je, aliyefiwa apende tena?

Ruthu alikuwa mjane na mgeni. Alimpenda mkwewe Naomi, akamfuata hadi Bethlehemu, na huko Boazi akamwoa. Akamzaa Obedi, na katika ukoo huo akazaliwa Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Mwokozi wetu. Kupenda tena si kumsaliti aliyelala. Paulo anasema wazi katika 1 Wakorintho 7:39 kwamba mjane yu huru kuolewa katika Bwana. Wala asilazimishwe na shemeji wala na kanisa.

Kwa yule asiyejua kama mwenzake yu hai, nasema kwa upole: usikimbilie, na usikae gizani. Msalaba Mwekundu una huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana. Peleka jina, kisha uje tuombe na kushauriana pamoja na wazee.

Tano, tupende leo.

Maggie alikufa kwa baiskeli na lori. Sisi wa mpakani tunaelewa. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa huku, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala hupita Malaba na Busia usiku na mchana. Anayetoka asubuhi kwenda sokoni hana hati ya kurudi jioni. Basi tusiache maneno mema yangoje mazishi. Baba, mwambie mama wa watoto asante kabla hujatoka. Mama, jua lisichwe na ugomvi wa jana. Kijana wa pikipiki, vaa kofia ngumu na ufungue macho, kwa maana kuna anayekungoja.

Sasa nawajibu vijana. Seth alisema kweli kwamba kupenda ni bora, lakini hakujua sababu kubwa. Tunapenda watu watakaokufa kwa sababu Mungu alitupenda kwanza sisi tutakaokufa, na anao uwezo wa kuturudishia tuliowalaza udongoni.

Maswali ya kujadili nyumbani wiki hii: Ni nani nimemfungia moyo kwa kuogopa kumpoteza? Ni mjane au yatima gani ambaye hajatembelewa tangu matanga yaishe?

Tuombe: Ee Bwana uliyelia Bethania, futa machozi yetu. Wakumbuke waliolala tusikojua. Fungua mioyo iliyofungwa kwa hofu, utufundishe kupendana kabla ya kuzikana, hadi siku ile utakapotuita kwa majina. Amina.