Tusiwahukumu waliogharikishwa



Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa moja nje ya msikiti nilimsikia mzee wetu akisema kuwa mafuriko yaliyowakumba Wapakistani yalikuwa ni adhabu ya madhambi yao. Kwa heshima ya umri wake nilinyamaza. Lakini kunyamaza kule kumenikera, na leo napenda nijibu.

Ni kweli, Surat Rum aya ya 41 inatufundisha kuwa uharibifu unaoonekana bara na baharini unatokana na mikono ya watu. Swali ni hili: mikono ya nani?

Mafuriko ya mwaka 2022 yaliua zaidi ya watu 1,700 Pakistan na kuwaathiri milioni 33. Nchi hiyo hutoa chini ya asilimia 1 ya gesi zinazoipasha dunia joto. Ndugu zetu wa Maldives nao, sehemu kubwa ya ardhi yao haijafika hata mita 1 juu ya usawa wa bahari, na bahari inapanda. Somalia, kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua za kutosha, mifugo ikateketea. Wafugaji wale wana viwanda gani?

Na katika Hija ya 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51. Mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki, wengi wao wakiwa wametembea juani bila hema wala kivuli. Je, mzee wangu, nao tuseme waliadhibiwa wakiwa katika ibada?

Moshi wa makaa ya mawe na mafuta ukishapanda, sehemu yake hubaki angani kwa mamia ya miaka. Karibu robo ya hewa ya ukaa iliyotolewa tangu viwanda vianze imetoka Marekani pekee. Matajiri nao huonja, kwani joto la 2003 liliua makumi ya maelfu Ulaya. Lakini Mholanzi ana uwezo wa kujenga kuta za kuzuia bahari. Mkulima wa Sindh hana.

Basi hii ni dhulma, na aliyedhulumiwa haambiwi atubu kwa kosa la aliyemdhulumu. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara hizo. Fedha hizo zisiitwe sadaka. Ni haki ya watu.

Wala tusijitakase. Mafuta mengi yanachimbwa katika nchi za Waislamu, na sisi wenyewe tunakata mikoko na kufungulia mabomba tukitia udhu, ilhali Mtume (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata kwa aliye kando ya mto.

Tuwaombee walioghariki, tuwachangie, na tuchunge ndimi zetu.

Wabillahi tawfiq.