Mgeni Mwenye Kulipa

Kila mwaka, majina ya vijana waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yanapotangazwa, nyumba nyingi hujaa furaha, na baadhi yake hujaa mashaka vilevile. Kijana aliyechaguliwa kusoma udaktari hana la kueleza. Majirani wote wajua daktari ni nani. Aliyechaguliwa kusoma sheria hupongezwa hata na wale wanaowaogopa mawakili. Lakini binti akisema kwamba atasoma miaka mitatu apate shahada ya usimamizi wa utalii, wazee hutazamana. Mzee mmoja wa huku kwetu alimwuliza mjukuu wake swali ambalo tumeona linastahili nafasi katika ukurasa huu: "Mjukuu wangu, tangu lini watu wakaenda shule kujifunza kumkaribisha mgeni?"

Waliokuwapo walicheka, na binti akainamisha kichwa. Sisi tulipopashwa habari hatukucheka sana, maana ndani ya swali lile mna jambo zito kuliko mzaha wa babu na mjukuu.

Katika desturi zetu mgeni hanunui ukarimu, hupewa. Apigapo hodi jioni hukaribishwa kabla ya kuulizwa shida yake, huletewa maji, na yule jogoo aliyekuwa akingojea sikukuu hugundua kwamba sikukuu imefika mapema. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa maana siku ile hata watoto hula mchuzi. Twasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kama njia ya adabu ya kumfukuza mtu, na twadhani wanaionea. Jembe si fimbo. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia: sasa wewe u mtu wa nyumba hii, basi twende shamba pamoja, na jioni tutakula pamoja kile tulichokitolea jasho.

Mtalii ni mgeni wa namna nyingine. Hapewi jembe hata akikaa mwezi mzima. Mahali pa jembe hutoa fedha, na fedha ile humwondolea wajibu wa kuwa mtu wa nyumba. Amelipa, kwa hiyo anadai. Godoro likiwa gumu hulalamika, chai ikiwa baridi huirudisha, na haki anayo. Je, ni mgeni gani wa babu zetu aliyepata kulalamikia kitanda alichotandikiwa? Hapo ndipo mzee yule anapoona dosari. Aogopa kwamba jambo lililokuwa wajibu likishageuzwa kuwa bidhaa halitabaki lilivyokuwa, na kwamba mjukuu wake anakwenda mbali, kwa gharama kubwa, kujifunza kuuza kitu ambacho nyanya yake hukitoa bure kila siku.

Yatupasa kukiri kwamba mzee hajui yanayosomwa huko. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, shahada hiyo hufundishwa chini ya paa moja na elimu ya misitu na wanyamapori. Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 katika miteremko ya Kilimanjaro kwa ajili ya kuwafundisha watunzaji wa wanyama wa Afrika, siku hizi hufundisha pia utalii. Mwanafunzi husoma hesabu za biashara, sheria, historia ya nchi, lugha za kigeni na tabia za wanyama. Hujifunza pia kupanga safari ya watu kumi na wawili ili gari, chakula, kibali na vitanda vikutane mahali pamoja kwa saa iliyoagizwa. Aliyepata kusimamia harusi ajua kwamba kazi hiyo si ndogo, na harusi ni siku moja tu. Hata neno lenyewe lina heshima yake. Kutalii, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kusoma na kuangalia jambo kwa makini, na hivyo ndivyo lilivyoelezwa katika kamusi za zamani, kabla halijatwikwa kazi ya kumtaja mtu mwenye kofia pana na kamera kifuani.

Wala shaka ya mzee si ya wasiosoma peke yao. Mwezi Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko pale Arusha (si lile Azimio la mwaka 1967 ambalo kila mtu hulikumbuka) akiahidi kwamba Tanganyika itawalinda wanyama wa porini kwa faida ya wajukuu zetu. Wageni wa kuja kuwatazama wanyama hao walikwisha kuanza kutiwa katika hesabu za nchi. Miaka tisa baadaye, mwaka 1970, vijana wa TANU na wasomi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walizua mabishano makali gazetini: je, nchi iliyochagua ujamaa yafaa itumie fedha zake chache kujenga hoteli za wageni? Waliopinga waliogopa kwamba tutalea taifa la watumishi, na kwamba faida itarudi ilikotoka. Waliotetea walizihesabu fedha za kigeni na kuuliza mashine za viwanda zitanunuliwa kwa nini kingine. Mabishano yale yalikusanywa na Issa Shivji, yakachapwa kuwa kitabu mwaka 1973. Leo vijana wenye umri wa wajukuu wa wabishanaji wale hujaza fomu kuomba nafasi ya kusomea jambo lile lile, na mwaka 2023 wageni walioingia Tanzania kutoka nchi za nje walipita milioni 1.8. Twaweza kusema kwamba waliotetea walishinda. Lakini kushinda katika mabishano hakumfanyi aliyeshindwa kuwa mwongo, na swali la utumishi halijajibiwa hata leo. Limehama tu, limetoka gazetini likaingia kwenye meza ya mapokezi.

Basi tuliulize waziwazi. Tabasamu la mtu anayelipwa mshahara ili atabasamu, je, ni unafiki?

Twaona kwamba jibu ni hapana, ingawa hapana hiyo ina mpaka wake. Muuguzi hulipwa, na huruma yake si ya uongo kwa sababu hiyo. Mwalimu hulipwa, na mtoto aliyefundishwa kwa upendo haulizi mshahara wa mwalimu wake ni kiasi gani. Hata paroko hula matoleo ya waumini wake. Fedha humwezesha mtu kuwapo kazini, wala haisemi ndani ya moyo wake mna nini. Binti anayempokea mzee wa kigeni aliyechoka kwa safari ndefu, akamshika mkono, akamwonyesha chumba chake na kumweleza maji ya kunywa ni yapi, amefanya tendo jema, naye atalipwa mwisho wa mwezi. Mambo hayo mawili hayagombani.

Mpaka upo mahali pengine. Yuko mgeni atukanaye, naye aliyetukanwa ameagizwa acheke. Yuko mgeni, nasi tusijifanye hatumjui, anayeomba kwa msichana wa kazi kitu kisichoandikwa katika orodha ya bei, akidhani kwamba aliyelipia chumba amelipia na watu waliomo. Hapo mshahara umeacha kununua kazi na unajaribu kununua utu. Msichana yule hawezi kukataa peke yake, kwa kuwa nyumbani wadogo zake wangoja ada. Anayeweza kukataa kwa niaba yake ni meneja. Sasa tumrudie yule mzee na swali lake, maana hapa ndipo usomi unapopata kazi ambayo ukarimu wa nyanya hauwezi kuifanya. Nyanya humkaribisha mgeni nyumbani mwake, na mgeni akikosa adabu humtoa. Meneja huwakaribisha wageni katika nyumba ambayo si yake, kwa mikono ya watu ambao si watoto wake. Ikiwa hakufundishwa kusema hapana kwa mgeni mwenye kulipa, shahada yake ina pengo, hata kama alama zake zote ni za juu.

Tena si mikono ya watu peke yake ambayo si mali yake. Mfanyabiashara wa vitambaa huuza kitambaa alichokinunua. Msimamizi wa utalii huuza mlima asioujenga, pwani ambayo wavuvi walikuwa wakianika nyavu zao kabla ya hoteli kuwapo, ngoma za watu, na sura zao pia. Tangu mwaka 1959, Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti, Wamasai walitakiwa kuishi pale pamoja na wanyama. Wapo waliofika huko baada ya kuondolewa Serengeti kwenyewe. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kwamba wahamao wanahama kwa hiari. Wengi wa wenyeji wamekana. Hatutaki kujitia kuwa mahakimu wa kesi hiyo katika safu moja ya gazeti. Twasema tu kwamba kijana anayesoma kozi hii bila kufundishwa kuuliza ni nani aliyekuwa akiishi mahali anapopauza, na alishauriwaje, anafundishwa nusu. Kwa mgeni akaaye siku nne, wenyeji wanaweza kuonekana kama sehemu ya mandhari. Msomi hana udhuru huo.

Tutoe mfano mmoja wa karibu, nao ni wa hesabu. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha meta 5,895, haupandwi na mtalii peke yake. Huenda na kiongozi, mpishi na wapagazi, na mpagazi mmoja haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Sasa mwanafunzi wetu amehitimu, ameajiriwa na kampuni ya safari, na ameambiwa aandike bei itakayowashinda majirani. Atapunguza wapi? Ada za hifadhi zimepangwa, hazina mapatano. Mafuta ya gari hayana huruma. Yabaki mambo matatu: siku za safari, chakula, na malipo ya wanaobeba. Akipunguza siku, mwili wa mgeni haupati nafasi ya kuuzoea mwinuko, na hatari ya maradhi ya mlimani huongezeka. Basi bei ikiwa ya chini kupita kiasi, wa kwanza kuilipia ni mpagazi, kwa sahani moja badala ya mbili, na kwa koti jepesi kwenye baridi ya usiku. Aliyeketi mjini mbele ya kompyuta hakumwona mpagazi huyo wala hakumtukana. Aliandika tarakimu tu. Dhambi nyingi za siku hizi ziko hivyo, hufanyika kwa kalamu safi, na mkosaji hulala usingizi mzuri.

Wazazi watatuuliza pia habari ya ajira, na hilo si swali dogo kwa nyumba iliyouza ng'ombe au iliyokopa. Tusiwafiche. Kazi hii hutegemea milango inayofunguliwa na wengine. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, wageni waliokuwa wakipitia Nairobi walikatika kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliifunga dunia: mwaka uliotangulia Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, na mwaka ule walipungua wakawa kama 620,000. Kule Arusha, Moshi na Unguja watu waliokuwa na vyeo walirudi kulima. Hakuna aibu katika kurudi kulima. Lakini mzazi anayefikiri kwamba shahada ni dawa ya kila njaa na aukumbuke mwaka ule. Kijana mwenye lugha mbili za kigeni anazozisema kweli kweli, anayejua kutunza vitabu vya hesabu na anayeijua nchi yake kwa miguu, atapata pa kushika hata wageni wakikatika. Mwenye cheti tu atangoja.

Kwa hiyo hatumshauri mzee amzuie mjukuu wake. Wala hatumshauri binti amdharau babu, kwa kuwa anachokijua babu juu ya wageni hakimo katika vitabu vyote atakavyopewa. Twamshauri jambo moja. Katika masomo yake atatumwa kwenda kufanya mafunzo kazini kwa majuma kadhaa. Wenzake wengi watapenda wapewe meza ya mapokezi, penye kivuli na feni. Yeye na aombe, ikiwa afya yaruhusu, apelekwe japo safari moja pamoja na wapagazi, ale wanachokula, alale wanapolala, na awaulize wamelipwa kiasi gani na lini. Akirudi nyumbani likizo amsimulie babu yake. Mzee yule, tumeambiwa, amekwisha kutoa nauli ya basi la Morogoro, ingawa bado ananung'unika.