Jumatano: Mguu Ulio Mkononi Mwako

Soma Yohana 13:3-15. Yesu alipoishika miguu ya wanafunzi, aliona nini ambacho wao wenyewe hawakukiona?

Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu, na baada ya miaka miguu hufa ganzi. Dada anayeokota korosho peku huku Mpapura anaweza kukanyaga mwiba asubuhi na kurudi nao nyumbani jioni bila habari. Dar es Salaam, madaktari wamewatibu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wala wasishtuke. Kidonda kikicheleweshwa huoza, na mguu hukatwa. Wengine husema, “Amekanyaga kitu,” na majuma hupotea kwa mganga.

Mwenye kisukari azikague nyayo zake kila siku, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Aoshe, akaushe katikati ya vidole, avae viatu hata ndani ya nyumba, asikate sugu kwa wembe. Akiona lengelenge au kidonda, aende zahanati siku hiyo hiyo. Kisichouma ndicho cha kuogopwa zaidi.

Katika Huduma ya Unyenyekevu tumezoea kutawadhana upesi upesi, macho pembeni. Maji yakipashwa moto, shemasi ayapime kwanza kwa kiwiko. Mguu wenye ganzi huungua kimya kimya. Kisha utazame mguu ulioushika. Ukiona kidonda, mwambie mwenzako taratibu, faraghani.

Jadilini: Ni nini humfanya mshiriki aone haya kuonyesha mguu wake kanisani? Darasa lenu limechangia nini katika haya hiyo?